Droo ya Kushoto

Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona Bibi Viraka akitupa kitu. Kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja alikikunja akakiweka. Shati lililokwisha kuwa tambara alilikata vifungo kimoja kimoja kabla ya kulifanya la kufutia meza. Hata uzi uliosalia kwenye sindano, mfupi kama kidole, aliuzungushia kijiti, akisema iko siku utashikilia kifungo cha mtu mwenye haraka. Cherehani yake ya kukanyaga aliachiwa na shangazi yake alipokuwa msichana, na tangu siku hiyo riziki yake ilikuwa kuziba magoti ya sare za shule, kugeuza kola zilizolika na kushusha pindo za sketi za wasichana wanaorefuka kama mahindi yaliyopata mvua. Jina la Bibi Viraka alipewa na watoto, wazazi wao wakalidaka, na mwishowe hata yeye akaitika.

Cherehani hiyo ilikaa sebuleni karibu na mlango unaotazama barabara, ili mwanga wa bure uangukie sindano. Ilikuwa na droo mbili. Ya kulia ilikuwa ya vifungo, zipu, chaki na mkasi. Ya kushoto ilikuwa ya dawa.

Wala haikuwa siri. Mtaa mzima uliijua droo ya kushoto kama unavyojua bomba la maji lilipo. Humo mlikuwa na vidonge vyeupe ndani ya karatasi zake za fedha zilizokatwakatwa, kapsuli za rangi mbili, chupa za kikohozi zenye sukari iliyoganda shingoni, na marhamu zilizokunjwa mkiani mpaka zikafanana na jongoo. Vingine havikuwa na karatasi wala jina. Hivyo alivifunga kwenye masalio ya kitambaa, na rangi ya kitambaa ndiyo ilikuwa jina: bluu ya tumbo, maua ya homa, mistari ya kifua, kijani ya mafua.

Mwenyewe alikuwa na hoja yake, na hoja hiyo alijifunza kwenye mkasi. "Nguo ikishamtosha mtu, fundi haendelei kukata," alisema. "Kinachobaki ni akiba, na akiba haiozi." Basi mgonjwa wa nyumbani kwake akipata nafuu tu, dawa ilisimama palepale, na iliyobaki ikaingia droo. Majirani nao walimletea mabaki yao, kama walivyomletea vitambaa.

Mteja mkubwa wa droo hiyo alikuwa fundi viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara chini ya bati lake, mtu mwembamba mwenye sauti ya kujaza uwanja. Asubuhi moja alivuka huku ameshika shavu.

"Fundi mwenzangu, jino linanitwanga."

"La juu au la chini?"

"La shetani!"

"La huyo sina dawa yake. Kaa nikupe ya la chini."

Akampa kapsuli mbili. "Meza moja sasa, moja jioni. Ukiona limetulia na hiyo moja, nyingine nirudishie."

"Na meno nikurudishie?"

"Hayo peleka kwako ukashonee viatu. Mimi yamenishinda."

Fundi viatu akaondoka anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Bibi Viraka akafunga droo kwa goti, bila kuitazama, akaendelea kukanyaga.

Nyumbani walikuwa wanne. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo huyo hahesabiwi. Alikuwepo mkamwana wake, Mama Chiriku, aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate na kutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akarudi mchana nywele zikinuka unga wa moto. Alikuwepo mume wa Bibi Viraka, mzee ambaye maisha yake yote alipaka rangi nyumba za watu, na ambaye hata alipoacha kupanda ngazi hakuacha kutazama kuta. Popote alipoingia aliugusa ukuta kwanza ndipo asalimie. Na alikuwepo Chiriku mwenyewe, mjukuu, ambaye alikuwa hajaanza shule lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kuhitimu.

Mama akishatoka kwenda kwenye mikate, mtoto alikuwa wa bibi mpaka mchana. Alikaa chini ya meza ya cherehani kama paka, akiokota nyuzi na kusimulia. Alimsimulia bibi yake habari za kuku wa jirani, habari za ndoto, habari za watu wasiokuwepo. Babu yake alimwita mke mdogo, na bibi akamwita mke mwenza, na mzozo huo wa ukewenza ndio uliokuwa chumvi ya nyumba.

"Mke mwenza, leo zamu ya nani kumpelekea mzee chai?"

"Yako! Mimi nimempelekea jana, akanipa mkate wake wote."

"Ndiyo maana anakonda. Unamla mume wetu."

"Yeye hana meno ya mkate, bibi. Ana meno ya chai."

Lakini tangu baridi ianze, mzozo ulikuwa umepungua, kwa sababu mume mwenyewe alikuwa amebadilika. Alianza na mafua yasiyoisha na usingizi wa vipandevipande. Bibi Viraka akafungua kitambaa cha kijani, akampa kidonge kidogo cha njano kila jioni, na kweli pua ikakauka na usingizi ukaja. Alifurahi. Ila baadaye usingizi ulipomzoea mzee haukutaka kumwachia. Asubuhi alikaa kitandani akitazama viatu vyake kama vya mgeni. Alivaa cha kulia mguu wa kushoto. Akijikwaa kwenye kizingiti alichokipita maisha yake yote, alikisemesha. Akienda msalani alikawia mpaka mkewe agonge mlango. Siku moja alimwita Chiriku kwa jina la dada yake yeye mzee, aliyekwisha fariki, na mtoto akaenda kumuuliza bibi huyo ni nani.

"Uzee," walisema majirani.

"Uzee," aliitikia Bibi Viraka, na kumwongezea mzee blanketi. Kilichomuuma zaidi hakumwambia mtu: mzee alikuwa ameacha kugusa kuta.

Katika hali hiyo ndipo sikio la Chiriku lilipoanza kuuma. Mtoto alilivuta, akalia, homa ikampanda. Mama yake aliomba ruhusa kazini akampeleka zahanati, wakarudi na chupa ya unga uliokorogwa na maji yaliyochemshwa na kupoa, dawa ya kuua vijidudu, ya rangi ya waridi, pamoja na dawa ya homa.

"Mama," Mama Chiriku alimwambia mkwewe, "tabibu amesema hii ya waridi apewe asubuhi na jioni mpaka iishe. Iishe kabisa, hata akipona. Na ikae penye ubaridi. Jioni nitampa mimi, asubuhi nakuachia wewe."

"Wewe nenda kazini, mwanangu. Hata jioni niachie, unarudi umechoka. Nimelea huyo mumeo na ndugu zake, hakuna aliyekufa kwa kijiko changu."

Na kwa kijiko alimpa kweli, kile cha chai, kwa jicho. Kijibomba cha plastiki cha kupimia kilichokuja na chupa alikiona kizuri mno, akakiweka droo ya kulia ili kimsaidie kutia mafuta kwenye cherehani. Asubuhi chache hazikupita, Chiriku akaamka anaimba. Alikula uji wote, akadai na wa babu. Bibi Viraka aliigeuza chupa kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki karibu nusu. Nguo imetosha, alijiambia. Akafunga kifuniko, akaifuta shingo, akaisukuma nyuma kabisa ya droo ya kushoto.

"Ile dawa, mama?" Mama Chiriku aliuliza baadaye, akivua viatu mlangoni.

"Tumemalizana nayo."

Halikuwa neno la uongo, wala halikuwa la kweli. Mama Chiriku alikuwa amechoka, akalichukua kama lilivyokuja.

Kisha ikafika asubuhi ambayo chini ya meza ya cherehani palikuwa kimya. Bibi Viraka alishona goti zima la suruali kabla hajagundua kinachomsumbua masikio: hapakuwa na habari za kuku. Akainama. Chiriku alikuwa amelala kwa ubavu juu ya vitambaa, macho wazi, kiganja kimefunika sikio.

"Mke mwenza?"

Bibi alipomgusa, alikuwa wa moto kama pasi.

Akavuta droo ya kushoto. Chupa ilikuwepo, lakini dawa ilikuwa imejitenga, maji juu na tope chini, na rangi ya waridi ilikuwa imeelekea manjano. Akaitikisa. Akainusa, akakunja pua. Akampa. Alimpa na jioni, mkamwana alipokuwa anaoga, na asubuhi yake tena. Homa ikawa inacheza naye, inashuka kwa ile dawa ya homa na kupanda ikiisha nguvu. Siku ya pili mama yake alipomwinua kutoka kitandani aliona doa kwenye mto, usaha wenye damu kidogo, umetoka sikioni.

Mama Chiriku hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alimfuta mtoto, akamvika gauni, akasema akiwa amegeukia dirisha: "Mama, nafikiri akishapata nafuu nimpeleke kwa mama yangu akae kule. Kule watu ni wengi. Hapa wewe una kazi, na baba naye ndiyo hivyo. Tunakuonea."

"Mtoto hajanilemea."

"Najua, mama. Lakini mara ya pili hii."

Bibi Viraka alirudi kwenye cherehani kumalizia blauzi ya mteja wakati wenzake wakijiandaa kwenda zahanati. Alipoinyanyua aliona ameshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Hakuwahi kufanya kosa hilo tangu enzi za shangazi yake. Aliitazama blauzi hiyo, mkono wake umeelekea nyuma kama mtu anayekatazwa, akawaza nyumba hii itakavyokuwa asubuhi, mama yuko kwenye mikate, mtoto yuko kwa bibi mwingine, yeye na mzee asiyegusa kuta. Akaiweka chini. Akachukua chupa kutoka droo ya kushoto, akaifunga kwa kitambaa, akaitia ndani kabisa ya kikapu. Kwa nini aliichukua, mwenyewe hakujua vizuri. Labda alitaka kumuuliza tabibu pembeni kama inaweza kuongezwa nguvu.

Walikwenda zahanati wote wanne, kwa sababu mzee hakuwa wa kuachwa peke yake tena na jiko. Walikaa kwenye benchi refu linaloelekea dirisha la dawa, wakisogea kila mtu mmoja akiinuka, kama shanga kwenye uzi. Chiriku alilala kifuani kwa mama yake. Mzee alilala akiwa amekaa. Muuguzi alikuja akampima mtoto uzito kwenye mizani, akaandika.

"Mbona mnampima kama nyama?" Bibi Viraka aliuliza, kwa kutaka tu kusikia sauti ya mtu.

"Dawa ya mtoto inafuata kilo, bibi. Haifuati macho."

Walipoitwa ndani, Bibi Viraka alimwacha mzee amelala kwenye benchi, akaingia na kikapu chake.

Tabibu alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kalamu mbili mfukoni ambazo zote zilikuwa zimevuja. Alimulika sikio, akalitazama kwa muda, akamulika na la pili. Kisha akamgeukia Mama Chiriku.

"Ngoma ya sikio imetoboka kidogo. Usiogope, kwa mtoto huwa inaziba yenyewe, bora lisiingie maji. Niambie, ile dawa ya kwanza alimaliza?"

"Alimaliza, daktari. Mama hapa ndiye aliyekuwa anampa."

"Yote?"

"Yote. Si ndiyo, mama?"

Bibi Viraka alikuwa anatazama kamba ya kikapu chake.

"Kama alimaliza yote na ugonjwa umerudi haraka hivi," tabibu alisema, akivuta karatasi, "basi dawa hiyo imeshindwa. Hatuwezi kuirudia. Itabidi tupande ngazi. Nitamwandikia sindano, ataletwa hapa kila siku mpaka tuone." Akaanza kuandika.

Mama Chiriku alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Mtoto, ambaye neno sindano alilijua kuliko maneno yote ya wakubwa, akaanza kulia bila sauti, machozi tu yakifuatana.

Bibi Viraka aliona kalamu ikienda. Aliona pia, wazi kama nguo iliyotandikwa mezani, kwamba akikaa kimya hakuna atakayejua. Mtoto atachomwa, atapona, na labda mkamwana atasahau mpango wake. Akisema, mpango huo umepata mguu wa kusimamia. Nani atamwachia mtoto mtu kama huyo? Kalamu ikafika mstari wa pili.

"Mwanangu," alisema, "iweke kalamu chini."

Tabibu akainua macho.

"Dawa haikushindwa. Ni mimi niliyeisimamisha njiani. Aliimba, nikaona imetosha. Nikaiweka. Na alipougua tena nikampa hiyohiyo." Akatoa kifurushi, akakifungua kitambaa, akaiweka chupa mezani mbele ya watu wote.

Mama Chiriku hakumtazama. Alitazama ukuta.

Tabibu aliifungua chupa, akainusa kwa mbali, akaifunga. Bibi Viraka alikuwa amejikaza kungoja maneno, kama mtu anavyojikaza kumwagiwa maji baridi. Lakini tabibu alichukua ile karatasi akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye ndoo.

"Bora umesema, bibi. Ningemchoma bure." Akaigonga chupa kwa ukucha. "Hii ilikuja ikiwa unga. Unga unakaa. Ukishatiwa maji, umri wake ni mfupi, na nje ya ubaridi ni mfupi zaidi. Ulichompa safari hii ni maji ya rangi."

"Na ile ya kwanza? Si alipona?"

"Alipata nafuu. Vijidudu vilegevu vilikufa, maumivu yakaondoka. Vile vigumu vilibaki, na vilikuwa vimeshaonjeshwa dawa."

Bibi Viraka aliwaza kidogo. "Kama kushona mpaka mwisho wa pindo halafu usifunge fundo."

"Inakuwaje?"

"Inapendeza. Siku ya kufuliwa inafumuka yote."

"Basi ndivyo," tabibu alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Tunaanza upya na dawa ileile, kwa kilo zake za leo, mpaka tone la mwisho." Akaandika karatasi nyingine. Alipomaliza hakuinua kichwa. "Ulisema uliiweka. Uliiweka wapi?"

"Kwenye droo."

"Na wenzake ni akina nani humo ndani ya droo?"

Aliyekwisha kuvuliwa shati haoni aibu ya kuvua na kofia. Bibi Viraka alitaja yote: bluu, maua, mistari. Alipofika kwenye kijani, vidonge vya njano vya mafua anavyompa mzee wake kila jioni vimlaze, tabibu aliinuka akaenda mlangoni, akamtazama mzee kwenye benchi. Akamwamsha taratibu, akamleta ndani, akamkalisha.

"Babu, haja ndogo unaipata vizuri?"

Mzee alifikiri. Neno lilichukua muda kumfikia. "Daktari, mimi nasimama pale kama mtu anayengoja basi lililoondoka jana."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akageuka kucheka. Hata Mama Chiriku mabega yalitikisika. Tabibu hakucheka. Alimbonyeza mzee tumbo la chini, akamuuliza hili na lile, akampima presha akiwa amekaa, kisha amesimama.

"Bibi, kidonge hicho kwa kijana ni usingizi wa usiku mmoja. Mwili wa mzee unaitoa dawa polepole. Ya jana haijatoka, unaongeza ya leo. Inamfunga mkojo, inamkausha mdomo, inamtia ukungu kichwani, inamwangusha. Kuanzia leo asipewe tena. Mlete tena wiki hii nimwone. Mkojo ukigoma kabisa, usingoje siku, mlete saa hiyohiyo."

"Kumbe si uzee?"

"Uzee upo. Lakini huenda umemwongezea mwingine."

Njiani kurudi Mama Chiriku alitembea mbele na mtoto mgongoni, Bibi Viraka nyuma akimshika mzee kiwiko. Walipofika, mkamwana aliingia chumbani, akatoka na mfuko wa nguo za mtoto.

"Nitakuwa kwa mama mpaka dawa iishe," alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya amani. "Kazini nitakwenda kutokea huko."

"Ni haki yako, mwanangu."

"Mama, ungeniambia tu. Siku ile nilipokuuliza."

"Ningekwambia."

Mama Chiriku akauchukua mfuko. Akaondoka, na Chiriku juu ya bega lake akampungia bibi yake vidole viwili, kwa sababu vitatu vilikuwa mdomoni.

Nyumba ikawa kubwa. Bibi Viraka alifumua mkono wa ile blauzi akaurudisha mahali pake. Kisha akaivuta droo ya kushoto, akaitoa yote na mbao zake, akaimwaga kwenye kikapu bila kufungua hata kitambaa kimoja, akakipeleka zahanati. Muuguzi alikipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Hii nusu ya stoo yetu, bibi! Tutaviteketeza sisi. Kikapu chako nakurudishia."

"Na vitambaa vyangu," alisema Bibi Viraka, kwa kuwa mtu habadiliki wote kwa mara moja.

Mzee alirudi polepole, kama mtu anayepanda ngazi na kopo la rangi mkononi. Jioni za mwanzo usingizi ulimkataa na alilalamika sana. Kisha akaanza kutoka msalani kabla ya kugongewa. Tabibu alipomwona tena alimpa dawa ya kumsaidia mkojo, akaeleza jinsi ya kuimeza, na mzee akamwambia kwamba ukuta wa chumba chake umepakwa na mtu mwenye njaa. Asubuhi moja Bibi Viraka alisikia miguu ukumbini, ikaja mpaka sebuleni, ikasimama. Mzee alikuwa amevaa viatu, kila kimoja mguu wake. Aliweka kiganja ukutani, juu ya cherehani, akakipitisha taratibu.

"Huu unabanduka huku," alisema. "Umeniachaje mpaka ukuta wangu ukabanduka, Fundi?" Akatazama chini ya meza. "Na mke mdogo yuko wapi?"

Bibi Viraka alijifanya anatia uzi kwenye sindano. Tundu la sindano lilikuwa halionekani hata kidogo.

Fundi viatu naye alivuka, ameshika shavu lilelile.

"Fundi mwenzangu, limerudi, na limekuja na ukoo wake."

"Nenda zahanati."

"Droo je?"

Akaivuta amwonyeshe. Ilikuwa tupu, imesuguliwa kwa sabuni. Fundi viatu alichungulia kama anayechungulia kisima.

"Masikini! Umefilisika!"

"Nenda, nimesema. Na ukipewa dawa umalize. Usiniletee mabaki."

"Haya, daktari. Niandikie na barua kabisa."

"Mdomo wako unatosha kuwa barua. Utasikika kabla hujafika."

Mama Chiriku alirudi siku ambayo hakutazamiwa, asubuhi na mapema, akiwa na sare ya kazini. Chiriku alikuwa akitembea mwenyewe na alikuwa ameanza kusimulia tangu kona ya barabara. Kule kwa bibi mwingine kulikuwa na bata, na bata mmoja alikuwa na tabia mbaya, na sikio halinuki tena, na babu avae miwani amwone.

Mama yake aliweka chupa ya waridi juu ya cherehani. Ilikuwa imetoka kwenye ubaridi, imetoa jasho. Chini kabisa ilikuwa na kiasi kidogo.

"Imebaki ya leo asubuhi," alisema. "Ndiyo ya mwisho. Ningempa kule." Akanyoosha kola ya sare yake ambayo mkwewe mwenyewe aliigeuza. "Nikaona umalizie wewe."

Bibi Viraka alifungua droo ya kulia, akatoa kijibomba cha plastiki. Alikuwa amekwisha kukiosha mafuta, siku ileile aliyoimwaga dawa, akakichemsha kisha akakiosha tena. Akaitikisa chupa, akavuta, akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Jicho lake lilimwambia inatosha. Hakulisikiliza. Akakisogeza karibu, akasukuma kidogo, akavuta kidogo, mpaka dawa ikasimama juu ya mstari kama pindo kwenye chaki.

Alimtazama mkamwana ili aone. Mama Chiriku alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na aliendelea kuzifunga muda mrefu kuliko kamba zenyewe zilivyohitaji.

"Fungua mdomo, mke mwenza."

"Kwanza nimalizie habari ya bata."

"Bata atangoja. Fungua."

Chiriku alifungua, akameza, akakunja uso, akafungua tena kuonyesha mdomo mtupu. Mama yake alisimama. "Nimechelewa," alisema. "Mchana basi, mama. Nitaleta mkate wa moto." Akatoka, na mfuko wa nguo za mtoto aliuacha pale pale mlangoni.

Bibi Viraka alibaki na chupa. Ilikuwa chupa nzuri, ya kioo kizito, yenye kifuniko kinachokaza. Ingefaa mafuta ya cherehani. Ingefaa vifungo vya lulu. Aliipindua, akaliona tone moja likiteleza ndani, likaisha. Akaiosha kwa mazoea. Akasimama nayo kwenye kizingiti kwa muda, mtoto amemshika sketi, mzee nyuma yao akikwangua ukuta wake kwa kisu cha rangi. Kisha akavuka mpaka kwenye pipa la taka la mtaa, akaiachia.

Ililia ilipofika chini. Ng'ambo ya barabara nyundo ikasimama hewani.

"Jamani, tokeni nje!" fundi viatu alipaza sauti, shavu lake sasa limetulia na pengo likionekana. "Tokeni muone! Bibi Viraka katupa kitu!"

"Shona viatu vyako," alisema Bibi Viraka, akamshika mke mwenza mkono, wakarudi ndani kumalizia habari ya bata.